Gari la Njano Lililopakwa Rangi kwa Ndani

Uvumilivu wangu uliisha pale mwalimu alipoanza kulikwangua gari la mwanangu kwa kucha.

Kwaru, kwaru, kwaru. Alikuwa amelishika juu ya meza ya ofisi ya walimu, kati ya rundo la madaftari na kikombe cha chai: gari dogo la mbio, la rimoti, refu kama kandambili ya mwanaume, jekundu, lenye mistari myeupe juu ya boneti. Akakwangua boneti. Akakwangua mlango. Rangi haikutoka hata chembe. Akainua macho akanitazama kama askari aliyekuta bangi kwenye gunia la mchele.

"Mama Salha, unaona mwenyewe. Haibanduki. Hii si kazi ya mtoto wa darasa la tatu. Ama ni ya dukani, ama umempakia wewe."

Ilikuwa mara yangu ya tatu kukanyaga ofisi ile. Jumatatu niliambiwa anayehusika hayupo. Jumatano niliambiwa yuko kikaoni. Siku hiyo ya tatu nilifunga saluni yangu pale Handeni mjini nikamwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, nikamwambia naenda mara moja narudi. Yote hayo kwa sababu Salha wangu, mtoto wa miaka minane, alikuwa amechaguliwa kupeleka gari lake kwenye maonyesho ya kazi za mikono ya wilaya, halafu jina lake likakatwa kwa wino mwekundu. Nafasi yake akapewa mtoto aliyetengeneza fagio. Sina ugomvi na fagio. Fagio lilikuwa zuri. Lakini mwanangu alikuwa na siku kadhaa halii, hali, ananiuliza kitu kimoja tu: "Mama, kwani nimeiba?"

"Mwalimu," nikasema, "toa kucha yako hapo."

"Unasemaje?"

"Nasema toa kucha. Mtoto wangu amelala kifudifudi sakafuni wiki nzima analipaka hilo gari, ulimi nje. Wewe ulikuwepo?"

"Mama, usinipandishie sauti ofisini. Kama hujaridhika, andika barua."

"Naandika."

"Andika."

"Naandika leo leo."

Nikalichukua gari nikatoka bila kuaga. Nimelelewa vizuri, najua kutoka ofisini kwa mtu bila kuaga ni kumtukana. Nilikusudia.

Nikammalizia mteja wangu nywele (nadhani upande mmoja nilivuta sana, alikuwa anakaa amenyanyua nyusi), nikafunga mlango, nikatoa karatasi yenye mistari na kalamu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, barua ya malalamiko naijua. Lakini barua haikuja. Kilichokuja ni ule mlio. Kwaru, kwaru. Nilikuwa nimeshausikia zamani, kucha nyingine, gari jingine. Nikalisogeza gari la Salha puani, harufu ya thina ya rangi ikanipanda kichwani, na mimi nikawa na miaka tisa tena, nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu Korogwe, nimeshika kopo la rangi ya njano.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuandika vibao. Duka la dawa, bucha, kinyozi, ubavu wa lori la kenta, boksi la kura la msikiti wakati wa kuchagua kamati, vyote vilipita mkononi mwake. Nyumbani kwetu ulikuwa ukinywa maji unaonja tapentaini. Mama alikuwa anasema siku Baba akifa hataoza, ameshakaushwa tayari. Baba anacheka, ananyoosha mkono anadai chai yake.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuandika kwenye vioo vya maduka. Mimi nilikuwa namshikia kopo. Watu walimshangaa maana hakusimama nje barabarani; alisimama ndani ya duka, akaandika herufi zikiwa zimegeuka, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kuandika mfano popote. Ukiwa nje ndiyo unasoma vizuri. Kazi yote hiyo ni kwa sababu ya mabega. Ukipaka nje, mwezi mmoja tu mabega ya watu, vikapu, mvua na watoto wenye misumari wanaimaliza rangi. Ukipaka ndani, kioo chenyewe ndicho kinachosuguliwa. Rangi inakaa kule nyuma, imetulia, inawatazama.

Na kupaka ndani kuna utaratibu wake, ambao Baba aliurudia mpaka nikawa nauota: "Kinachoonekana kwanza, hupakwa kwanza." Kama unataka herufi nyekundu zenye weupe nyuma yake, herufi zinatangulia, zikauke, ndipo weupe ufuate mgongoni mwake. Ukikosea mpangilio, umekwisha.

Siku moja akarudi na mfuko mweusi wa nailoni. Alikuwa amemwandikia kibao muuza mitumba mmoja anayeshusha marobota kutoka Tanga, na ndani ya robota la nguo za watoto kulikuwa na gari la rimoti lililopondeka. Yule bwana akasema chukua, mpelekee binti. Bodi ilikuwa imevunjika vipandevipande. Kilichobaki ni chini tu: magurudumu manne, mota, waya mbili, na rimoti yenye antena iliyopinda kama mguu wa panzi. Baba akatia betri nne. Likanguruma. Likaenda moja kwa moja likaingia chini ya jiko, likatoka na jivu, likampitia Mama kwenye kanyagio la cherehani.

"Bakari!" Mama akapiga kelele. "Kinyama gani hicho umeniletea?"

"Cha Mwanaidi hicho," Baba akasema. "Kiko uchi. Atakivisha mwenyewe."

Jamani, hakuna aliyewahi kupewa cheo kikubwa kuliko kile.

Nilitafuta bodi siku tatu. Boksi la kiberiti cha jumla lililainika kwa jasho la mikono yangu. Kopo la mafuta lilikuwa zito, mota ikalia kama mbu. Mwishowe nikapata dumu la maji ya kunywa la lita tano, lile jeupe linaloonyesha ndani. Bega lake lilikuwa limeinama kabisa kama kioo cha mbele cha gari la mashindano. Mama akanipashia kisu cha zamani kwenye mkaa, nikakata. Nikatoboa tundu nne nikafunga kwa waya mwembamba wa kusukia vikapu. Magurudumu nikayavisha mipira ya tyubu ya baiskeli yasiteleze. Nyuma nikaweka bawa, kipande cha kifuniko cha ndoo. Antena nikaiongezea waya wa mwavuli. Kila mtoto wa mtaa aliyepita alisema neno lake. Mmoja alisema linafanana na jeneza la kioo, nikamfukuza na ufagio.

Sasa rangi. Nilitaka njano yote, na ubavuni namba saba nyeusi. Sababu ya saba sikuwa nayo. Saba ilikuwa inakimbia tu, ukiitazama. Na bila shaka nilitaka kupaka ndani, kama Baba. Dumu si kama kioo tu! Nikavua bodi, nikaigeuza kama beseni, nikachovya burashi.

Mnajua nilichofanya? Furaha ilinizidi. Nikapaka njano kwanza. Nikapaka kila pembe, nikafika mpaka kwenye kona za taa kwa kidole kwa sababu burashi haikuingia. Nikasubiri jua la mchana likaushe. Halafu, kwa makini, ulimi nje, nikaandika saba nyeusi nzuri kuliko zote duniani, imegeuka barabara, kama nilivyomwona yeye anaandika. Nikapindua gari kuitazama.

Njano. Njano tupu. Saba yangu ilikuwa ndani kule, nyuma ya njano, inaonekana na mota peke yake.

Nililia kwa sauti iliyomtoa jirani nje na mwiko mkononi. Baba akaja mbio, akalitazama gari, akaligeuza, akaona saba, akaligeuza tena, hakuona saba. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mimi nalia, yeye anafuta machozi ya kicheko kwa mkono wenye rangi ya bluu, uso ukawa wa bluu, na hapo mimi nami nikaanza kucheka katikati ya kulia, ile ya kutoka kamasi.

"Kinachoonekana kwanza?" akauliza.

"Hupakwa kwanza," nikasema, nimenuna.

Akanipa msumari. "Kwangua njano mahali pa saba. Taratibu. Halafu jaza nyeusi."

"Nisaidie wewe."

"Gari la nani?"

"Langu. Lakini wewe unajua."

"Mkono wangu una kazi zake. Huo wako ndio wenye kazi hiyo."

Nikakwangua. Msumari uliteleza, ukachana pembeni, ukarudi. Saba niliyoipata ilikuwa kama fimbo iliyotafunwa na mbwa. Nikamlilia Baba aje ainyooshe tu ukingo, dakika mbili, yeye ambaye aliwanyooshea herufi watu asiowajua. Akakataa katakata. Nikaenda kumshtaki kwa Mama kwamba mume wake ana choyo cha mkono. Mama akaniambia nikaoge.

Nilimchukia Baba siku nzima. Hata siku mbili. Sikuelewa kwa nini mtu mwenye uwezo wa kurekebisha kitu kwa mfuto mmoja anakaa na kukitazama kimeharibika, tena anapiga mluzi.

Mwezi ule Baba alikuwa anakwenda Hale, kupaka namba kwenye milango ya nyumba za wafanyakazi. Akaniletea habari: watoto wa kule wana magari kama langu, manne au matano, Jumamosi jioni wanashindana kwenye uwanja wa saruji. Na safari hii kutakuwa na zawadi mbili, ya gari lenye mbio na ya gari lililopambwa vizuri. Jumamosi akanipakia kwenye pikipiki yake kuukuu, mimi mbele yake juu ya tangi, gari kifuani kwangu ndani ya khanga ya Mama. Tukapita Segera, mkonge kulia, mkonge kushoto, imesimama mistari kama wanafunzi paredini, na mimi naiamkia kichwani: nimekuja, mnaniona, nina saba.

Uwanjani kulikuwa na baba mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, akijulikana kwa jina la mwanawe, Baba Fredi. Ndiye aliyechora njia kwa chaki, ndiye aliyenunua zawadi, na ndiye baba wa Fredi, ambaye gari lake lilikuwa jeusi linalong'aa, lilikuja kwenye boksi lake na bado alilirudisha kwenye boksi kila baada ya mzunguko. Nilipolifunua langu watoto wakasogea. Lilikuwa linawaka jua la jioni. Njano iliyo nyuma ya plastiki inang'aa mara mbili, mpaka leo sijui rangi nyingine ya kuifananisha.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hili la kwako?" Akalichukua. Kwaru, kwaru, kwaru. Kucha ya kidole gumba, juu ya saba yangu. "Haitoki. Mzee," akamwambia Baba, "haya mashindano ni ya watoto. Wewe ni fundi rangi. Usituchezee."

Nilitaka kusema, lakini mtoto hakatizi wakubwa, nikaminya khanga ya Mama. Nikamtazama Baba. Nilitaka afoke. Baba yangu hakufoka. Aliomba gari kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akafungua waya nne, akavua bodi, akaipindua kama bakuli.

"Tazama huku, ndugu yangu."

Kwa ndani ilikuwa aibu tupu. Michirizi, mabonge, unywele mmoja wa burashi, na kwenye kila kona ya taa, pale burashi iliposhindwa, alama za kidole. Kidole kidogo, mistari yake yote imekauka ndani ya njano.

"Tia kidole chako hapo," Baba akamwambia.

Baba Fredi akajaribu kidole gumba. Akajaribu cha shahada. Akajaribu cha mwisho. Hakikuingia hata kile.

"Mwanaidi, njoo utie chako."

Kikaingia kama kifuniko kwenye chupa yake. Watoto wakapiga kelele. "Na hii saba," Baba akaongeza, "mimi nikiandika saba kama hii, nitakula wapi?"

Baba Fredi akacheka kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo lote, filimbi ikarukaruka. Alikuwa mtu mzuri yule, alikosea tu. Akanipa mkono kama mtu mzima. "Samahani, fundi," akasema. Mimi! Fundi!

Mbio zenyewe zilikuwa vituko. Tulipoanza, nikabonyeza kulia, gari langu likakata kulia, na la Fredi nalo likakata kulia. Fredi akabonyeza nyuma, langu likarudi nyuma. Kumbe rimoti zetu zilikuwa za wimbi moja. Kila mmoja wetu anaendesha magari yote mawili. Yalizunguka pale kama bibi harusi na bwana harusi, tunapigiana kelele, "Acha wewe!" "Acha wewe!", mpaka yote mawili yakaingia kwenye beseni la mama muuza kachori. Ikabidi twende kwa zamu, wengine wakihesabu kwa sauti. Fredi alimaliza kwa hesabu ya kumi na tisa, mimi ishirini na moja, kwa sababu bawa langu la kifuniko cha ndoo lilining'inia likaburuta. Zawadi ya mbio akachukua yeye. Ya mapambo nikachukua mimi: boksi la penseli za rangi. Kabla hatujapanda pikipiki Fredi akaja, boksi lake kwapani, akaninong'oneza kama anaweza kuleta lake nimpakie njano.

Lile gari liliisha kama magari yote yanavyoisha. Mota ilikufa, magurudumu yalihamia kwenye gari la waya la binamu. Mimi nikakua, nikaolewa Handeni, nikapata Salha. Idd iliyopita babake Salha alimletea gari la rimoti, siku mbili bodi imepasuka. Salha akanitazama. Nikamwambia kalete dumu la maji. Nikamfundisha kinachoonekana kwanza, hupakwa kwanza, na yeye ana akili kuliko mimi: alianza na mistari myeupe, ndipo nyekundu, kona za taa akazimalizia kwa kidole. Ila weupe ukiwa bado mbichi, sisimizi akapita. Akanasa ukingoni mwa mstari, mwili ukabaki kwenye plastiki tupu. Salha hakumwona, akamfunika na nyekundu, na alipopindua gari, sisimizi huyo hapo, katikati ya boneti, miguu yote imetawanyika.

"Mama, mtoe! Ameniharibia!"

Nilikuwa tayari nimechovya pamba kwenye thina. Ningesafisha na kupaka upya pale kabla hajameza mate. Mkono ukasimama wenyewe. Nikairudisha pamba kwenye kopo, nikamwambia, "Gari la nani?" Akaninunia vilevile nilivyonuna mimi. Kesho yake asubuhi nikamsikia anamwelezea jirani, kwa maringo, kwamba huyo ni dereva.

Sikujua kwa nini niliirudisha ile pamba. Nilidhani naiga tu. Nilijua siku ile, nimekaa na karatasi tupu na hasira zangu. Baba alikuwa amezunguka maduka ya watu miaka mingi, anawajua watu. Alijua kazi ya mtoto ikiwa nzuri, ipo siku itashikwa na mtu mzima mwenye kucha na shaka. Siku hiyo mkono wa fundi ukiwa umepita hata mara moja, hata kwenye ukingo mdogo wa saba, mtoto hana la kusema. Choyo nilichomshtakia kwa Mama kilikuwa ushahidi alionihifadhia. Nikampigia simu Korogwe nikamwambia. Akasema, "Saba yenyewe ilikuwa mbaya kweli, lakini," akaanza kucheka, na mimi nikacheka mpaka nikalia, Salha akaja kuuliza nani amekufa.

Halafu nikaandika. Nimeipeleka mwenyewe asubuhi, nimedai isainiwe kwamba imepokelewa, na safari hii niliaga. Nakala yangu hii hapa:

Kwa Mwalimu Mkuu.
Nakala: Afisa Elimu Kata.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUKATWA KWA JINA LA MWANANGU SALHA, DARASA LA TATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi tajwa. Ninalalamika rasmi kwamba gari lake limeondolewa kwenye orodha ya maonyesho ya wilaya kwa kudhaniwa kuwa si kazi yake. Hakuulizwa swali hata moja. Kipimo kilichotumika ni kucha ya mwalimu, kwa nje. Rangi ya gari hilo ipo kwa ndani.

Ninaomba yafuatayo kabla ya maonyesho. Bodi ya gari ifunguliwe na ipinduliwe mbele yako. Alama za vidole zilizokauka kwenye rangi zitazamwe. Mwanangu atie vidole vyake kwenye alama hizo. Halafu apewe dumu jipya na rangi, apake mbele ya walimu wote. Mimi nitakaa nje ya geti. Sisimizi aliye kwenye boneti asitolewe, ni sehemu ya kazi.

Mtoto aliyetengeneza fagio asiondolewe. Hana kosa.

Mwisho, ninaomba mwalimu mhusika naye atie kidole chake kwenye alama zilezile, chochote apendacho kati ya kumi. Kikiingia, nitaomba radhi paredini mbele ya shule nzima. Kisipoingia, ninaomba amwambie mwanangu maneno mawili tu: Samahani, fundi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanaidi Bakari
Mama Salha